Fumbo la Virgilius Mwanasarufi: Mzaha au Hekima?

Miongoni mwa maandishi ya Kilatini ya mwanzo wa Zama za Kati, ni machache yaliyowatatiza wafasiri kama yale ya Virgilius Maro, mwanasarufi wa karne ya 7. Katika Epitomae anadai kwamba Kilatini kina aina 12, na kwa kuthibitisha dai hilo anaorodhesha majina 12 ya moto. La kwanza, ignis, ni la kawaida. Mengine, kama vile ardon, calax na fumaton, ni mageni. Kwingineko anasimulia habari za wataalamu wawili, Galbungus na Terrentius, waliobishana siku 14, usiku na mchana, kuhusu umbo la mwito la kiwakilishi ego.

Wapo wahakiki wanaoyaona haya kuwa ni dhihaka tupu dhidi ya wanasarufi. Vivien Law, katika kitabu chake cha mwaka 1995, alitetea kwamba chini ya mzaha huo mna mafunzo ya hekima. Kwa maoni yetu, hoja ya Law ina uzito zaidi, na ushahidi umo katika lugha yenyewe. Maneno yale mageni hayakubuniwa ovyo: ardon lahusiana na ardere, yaani kuungua, calax na calere, kuwa na joto, fumaton na fumus, moshi. Aidha, anapoeleza mbinu ya kutawanya herufi za maneno na kuzipanga upya, mithili ya kinyume cha Waswahili, mwandishi anataja sababu tatu: kupima wepesi wa akili za wanafunzi, kuipamba lugha, na kuyasitiri mambo ya ndani yasifikiwe kwa urahisi na wasiostahili. Naye Aldhelm, askofu na msomi wa Uingereza, alimnukuu.

Hatukani kwamba mzaha umo. Tunachopinga ni kulazimisha uchaguzi baina ya mzaha na hekima. Mhariri anayeamini kwamba anasoma upuuzi hulisahihisha neno geni likawa la kawaida, na ushahidi ukapotea. Hatari hiyo humkabili yeyote ahaririye miswada ya kale, zikiwemo tendi zetu zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Kabla ya kuliita neno kosa, sharti mfasiri athibitishe kwamba halifuati kanuni yoyote ya mwandishi wake.