Kinyesi cha Kale Chatoa Ushahidi

Safu yetu ya juma hili inahusu jambo ambalo huenda likawafanya baadhi yenu wazibe pua. Hata hivyo, nawaombeni mvumilie, kwani kitu kinachodharauliwa mara nyingi ndicho kinachoficha ukweli.

Askari aliyewahi kulala porini anakijua kinyesi cha fisi: kikikauka huwa cheupe kama chokaa. Sababu ni kwamba fisi hutafuna mifupa, na madini ya mifupa hiyo hutoka pamoja na choo chake.

Mnamo mwaka 1821, wachimba mawe wa Kirkdale, katika jimbo la Yorkshire nchini Uingereza, walifukua pango lenye mifupa mingi. Wakidhani ni ya ng'ombe waliokufa kwa maradhi, waliitupa barabarani kuziba mashimo. Kumbe ilikuwa mifupa ya ndovu, vifaru, viboko na fisi! Je, wanyama hao walifikaje huko? Wengi waliamini kwamba maji ya Gharika ndiyo yaliyoichukua mizoga kutoka nchi za joto.

William Buckland, kasisi na mwalimu wa elimu ya miamba huko Oxford, hakuridhika. Mlango wa pango ulikuwa mdogo mno kwa ndovu kupita, na mifupa ilikuwa na alama za meno. Humo aliona pia vidonge vyeupe vilivyokauka. Alimpa mkemia William Hyde Wollaston avipime, naye akakuta fosfati ya chokaa, yaani madini yale yale ya mifupa. Mwaka 1822 Buckland alimtazama fisi hai akitafuna mfupa wa ng'ombe. Vipande alivyobakiza, na kinyesi alichotoa, vilifanana na vile vya Kirkdale. Basi ikadhihirika kwamba pango lile lilikuwa makao ya fisi, nao ndio walioburura mawindo yao humo vipande vipande. Leo wataalamu wanakadiria kwamba hayo yalitokea miaka ipatayo 120,000 iliyopita, wakati Uingereza ilipokuwa na joto la kuwatosha viboko.

Tangu hapo elimu imesonga mbele. Mwaka 1998 wanasayansi walichunguza kinyesi cha miaka ipatayo 20,000 kutoka Gypsum Cave, Nevada, nchini Marekani. Ndani yake walipata chembe za urithi za mnyama mwenyewe, aina ya slothi mkubwa aliyekwisha kutoweka duniani, pamoja na za mimea aliyokula.

Lakini ushahidi huo hupotea upesi. Katika pango la Rampart, huko Arizona, kulikuwa na tabaka nene la kinyesi cha slothi hao. Mwaka 1976 lilishika moto, ukafuka kwa miezi, na sehemu kubwa ikateketea.

Ndugu zetu polisi wanajua kwamba mahali pa tukio hapafagiliwi kabla ya mpelelezi kufika. Nasi tufanye vivyo hivyo. Ukikuta pangoni au korongoni mifupa au kinyesi kilichogeuka jiwe, usikiondoe, wala watoto wasikichezee. Wapelekee habari watu wa makumbusho. Wale wachimba mawe wa Kirkdale hawana lawama, kwa kuwa hawakujua. Sisi tumekwisha kujua.