Kilometa 200 bila mshindi: kinga, afya na wale tunaowaacha pembeni

Mwezi wa tisa mwaka 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Sisi Wakongomani tuliyatazama kwa uchungu. Mwezi wa kwanza wa mwaka uleule Goma ilikuwa imeanguka, kiisha Bukavu, na mwezi wa pili Bunge la Ulaya liliomba mashindano hayo yafutwe kama Rwanda haitabadilisha njia yake. Hayakufutwa. Mabishano hayo yalikuwa ya lazima. Lakini yalifunika jambo lingine ambalo makanisa yetu yangeweza kulishika bila kungoja mtu yeyote: kinga ya mtu wa kawaida, ya mwendo mrefu, isiyo ya mashindano.

Huko Ulaya desturi hiyo ni ya zamani. Mwaka 1897 kundi dogo la Waitalia lilitoka Roma kwenda Napoli, zaidi ya kilometa 200, likitaka kufika mbele ya giza. Wakaitwa audax, neno la Kilatini lenye maana ya wenye kuthubutu. Mwaka 1904 Wafaransa wakalichukua jambo hilo. Leo kanuni ni nyepesi: kilometa 200 ndani ya saa 13 na nusu, 300 ndani ya saa 20, 600 ndani ya saa 40. Safari inayojulikana kuliko zote, Paris-Brest-Paris, ni kilometa 1.200 hivi kwa saa 90, na inarudi kila miaka 4; ya mwisho ilikuwa 2023. Ilianza 1891 kama mashindano ya wenye mbio, lakini wenye mbio waliiacha tangu 1951, na watu wa kawaida wakabaki nayo. Kila msafiri anabeba karatasi inayopigwa muhuri kwenye vituo. Hakuna wa kwanza. Anayefika katika saa ya mwisho amefika sawasawa na yule aliyetangulia.

Kinachonigusa zaidi ni watu wa vijiji vya Bretagne. Wanaweka meza kando ya barabara, hata usiku wa manane, wanatoa maji, kahawa na mikate kwa watu wasiowajua. Bibi asiyeweza kunyonga kinga hata mita 10 ana sehemu yake katika safari ile. Na wapo wanaosafiri kwa kinga ya watu wawili: kipofu nyuma, mwenye kuona mbele, miguu minne kazi moja.

Tusidanganyane lakini. Hata huko wanawake bado ni wachache sana, na kinga za wengi wao zina bei ambayo mwalimu wetu hawezi kuiota. Kusema tu kwamba mlango uko wazi hakumwingizi mtu asiye na kinga, ao anayeona haya.

Hapa kwetu Katanga mwendo mrefu si jambo geni. Alfajiri, kwenye barabara zinazoingia Lubumbashi, utawaona wauza makala wakisukuma kinga yenye mifuko mirefu kuliko wao, wametoka mbali sana, usiku kucha. Kisangani watoleka walibeba abiria kwa miaka mingi mbele ya pikipiki kuenea. Kwa hiyo kinga kwetu imekuwa alama ya umaskini. Kijana akipata pesa kidogo ananunua pikipiki, na hapo miguu inapumzika kabisa. Mama akionekana juu ya kinga, watu wanacheka. Na sisi wachungaji, wakubwa wa kukaa kwenye viti na kulishwa katika kila nyumba, tunazika washiriki wenye tansio na sukari bila kuuliza wanatembea kiasi gani.

Shirika la Afya Duniani linaomba mtu mzima afanye mazoezi dakika 150 kwa juma, angalau. Kwa hesabu za mwaka 2022, watu wazima asilimia 31 duniani hawafikii hapo, karibu bilioni 1,8, na wanawake wako nyuma ya wanaume. Muuza makala hayumo katika hesabu hiyo; yeye anahitaji kupumzika. Anayehitaji kinga ni mwenye ofisi, mwanafunzi, mama wa duka, mchungaji.

Wengine watanijibu kwa 1 Timoteo 4:8. Tuusome vizuri. Paulo hasemi kwamba mazoezi ya mwili ni bure. Anayapima pembeni ya utauwa, na anakubali kwamba yana faida yake. Yeye mwenyewe alitembea kwa miguu sehemu kubwa ya Asia Ndogo.

Ni nini kinachowezekana? Si kilometa 200 siku ya kwanza. Chukua 40, siku ya Posho, ili Yenga ibaki ya ibada. Parokia zetu ziko kila mahali kando ya barabara; zinaweza kuwa vituo, zenye maji, muhuri na kivuli. Wamama wawe na kundi lao, wapange mwendo wao wenyewe. Mafundi wetu wa kuchomelea chuma, ambao tayari wanatengeneza vigari vya magurudumu matatu vya kunyonga kwa mikono, wanaweza kuunganisha kinga mbili kuwa moja kwa ajili ya vipofu. Na muuza makala aalikwe kama mwalimu: ni nani mwingine anayejua kuziba pine gizani?

Kizuizi kikubwa ni barabara. Kati ya Lubumbashi na Likasi, kilometa 120 hivi za gudro, malori ya migodi hayana huruma. Kupeleka vijana pale bila polisi wa barabarani ni kuwatafutia jeneza, kwa hiyo tuanzie kwenye njia za udongo. Mashariki ni vigumu zaidi: kutoka Goma hadi Butembo kuna milima mizuri kwa msafiri wa kinga, lakini nani atakwenda kwa kujifurahisha mahali ambapo watu wanakimbia na magodoro kichwani? Ndugu zetu wa kule watakaposafiri siku nzima kwa kinga bila kizuizi cha mtu mwenye bunduki, tutajua kwamba amani iliyotiwa sahihi kwenye karatasi imefika barabarani. Sisi wa kusini, ambao bado tunaweza kutoka asubuhi na kurudi jioni, hatuna sababu ya kungoja.