Tupime mubirizi, tusiuze maneno

Wandugu, kila kartie ya Bukavu iko na mtu anauza chupa ya mubirizi ao ya majani ya mapera: "inaponesha tifoide, tumbo, yote". Sisi tuliosoma biolojia na tunashinda nyumbani bila kazi, hatuchekelei dawa ya kienyeji. Tunataka ipimwe.

Kupima si uchawi. Unalowesha majani makavu mu alkoli, unachuja, unatia ile maji kwenye kikaratasi cha milimita 6, unakiweka juu ya sahani yenye mikrobe. Kisha masaa 24 kwa digri 37, unapima duara pale mikrobe haikuota. Pembeni unaweka antibiotike ya kawaida, pia kikaratasi cha alkoli peke yake, sababu alkoli nayo inaua. Bila hicho unajidanganya. Majani ya mapera mara mingi inashinda stafilokoki. Kolibasili njo ngumu. Na kuua mikrobe mu sahani haionyeshe bado kama ni salama mu tumbo ya mtoto.

Tulipata diplome bila kugusa hata sahani moja. Tulichora duara kwenye daftari! Moto ilikuwa inakatika kila usiku, na etive ikizimika, kazi yote imekufa.

Tunadai kwa serikali ya jimbo labo moja yenye umeme ya jua, pahali muuzaji atapeleka chupa yake bila kuogopa kukamatwa, na arudi na majibu kwenye karatasi. Mikono ya kufanya kazi iko, inangojea.