Bima yalipia goti bandia. Nani atamfundisha mgonjwa kutembea?

Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba bima ya afya ya jamii, Mutuelle de Santé, itaanza kugharamia huduma ambazo awali hazikuwamo. Miongoni mwake ni matibabu ya saratani, usafishaji wa damu kwa wagonjwa wa figo, na upasuaji wa kuweka nyonga na magoti bandia. Mwanachama wa bima hiyo anapotibiwa hospitalini huchangia asilimia 10 ya gharama. Kwa mzee aliyezoea kuambiwa kwamba goti lake linatibika Nairobi au India tu, tena kwa fedha za kuuza shamba, uamuzi huo si jambo dogo.

Hata hivyo, mjadala uliofuata umehusu zaidi nani atalipa na atalipa kiasi gani. Kinachompata mgonjwa baada ya nyuzi kutolewa hakijazungumzwa vya kutosha, na ndipo wengi wanapokwama.

Tatizo linaanzia katika jina lenyewe. Sisi tunaotafsiri habari tumezoea kuandika “kubadilisha goti”, na msikilizaji ana haki ya kudhani kwamba goti zima huondolewa na kuwekwa jipya, mfano wa gurudumu la baiskeli. Sivyo. Daktari hukata sehemu nyembamba ya ncha za mfupa wa paja na wa muundi ambako gegedu limelika, akazifunika kwa chuma, na kati yake akaweka kipande cha plastiki ngumu. Misuli hubaki ileile, kano nyingi zilezile, neva zilezile, na mazoea ya miaka kumi ya kuchechemea hayaondolewi na kisu. Upasuaji huondoa maumivu ya mfupa kusuguana na mfupa, na kwa hilo ni miongoni mwa tiba zenye mafanikio makubwa duniani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba magoti bandia 8 kati ya 10 hudumu kwa miaka 25. Lakini utafiti mwingine, uliofanywa Ontario, Canada, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 5 hakuridhika na matokeo, na hiyo ni nchi yenye madaktari na wataalamu wa mazoezi tiba wa kutosha.

Kwa nini mtu mwenye goti jipya ashindwe kutembea vizuri? Jibu la kwanza ni misuli ya mbele ya paja. Katika mwezi wa kwanza baada ya upasuaji misuli hiyo hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Mgonjwa huhisi goti linataka kumwangusha, basi hulikaza na kulivuta kama gongo. Katika nchi tambarare angeweza kuvumilia. Rwanda ni nchi ya vilima, na anayeshuka kutoka nyumbani kwenda barabarani huutegemea msuli huo kumzuia kila hatua. Ndiyo maana utasikia mgonjwa akisema kupanda si neno, kushuka ndiko kunakomtia hofu.

Jibu la pili ni goti lisilonyooka. Hapa nitaomba radhi kuleta habari ya nyumbani. Shangazi yangu alifanyiwa upasuaji huu nje ya nchi, akarudi na karatasi ya mazoezi iliyoandikwa kwa Kiingereza, lugha asiyoisoma. Sisi jamaa zake, kwa huruma, tulimwekea mto chini ya goti usiku na mchana, kwa kuwa akiwa hivyo alipata nafuu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kutafsiri, niliisoma karatasi ile katika mwezi wa tatu. Mstari wa pili ulikataza mto chini ya goti. Goti lililozoea kukaa limekunjika hukauka likiwa hivyo, mguu huwa kana kwamba umefupika, na kila hatua humchosha mwenyewe kabla ya kufika mlangoni. Ugumu wa namna hiyo daktari aweza kuulegeza kwa kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi na kulikunja goti kwa mikono, lakini jambo hilo hufaa zaidi likifanywa ndani ya miezi mitatu hivi ya mwanzo. Sisi tulikuwa tumechelewa. Hadi leo shangazi anachechemea, ingawa maumivu ya zamani hana.

La tatu ni kukunja. Kutembea penye tambarare kunahitaji goti likunjike digrii 60 hadi 70 tu. Ngazi na kiti vinahitaji kama 90 na zaidi. Goti bandia lililofanikiwa kwa kawaida hufika 110 au 120. Kuchuchumaa katika choo cha shimo, kuketi juu ya mkeka au kukaa kikao cha tahiyatu katika swala kunataka zaidi ya hapo, na katika mitaa kama Nyamirambo, ambako wasikilizaji wetu wengi wanaishi, mambo haya ni ya kila siku. Mgonjwa aambiwe mapema, kabla ya kutia saini, kwamba pengine ataswali juu ya kiti na kwamba nyumba yake itahitaji choo cha kukalia. Asipoambiwa, atahesabu kuwa upasuaji umeharibika, hali daktari anauhesabu kuwa umefaulu. Wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Yapo pia matatizo yasiyosubiri mazoezi: jeraha linalotoa usaha, homa, muundi uliovimba ghafla na kuuma, au kanyagio la mguu lisiloweza kuinuka. Hayo ni ya kurudi hospitalini siku hiyohiyo.

Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba katika baadhi ya nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wataalamu wa kuwarejesha wagonjwa katika uwezo wao hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Katika kanda yetu wachache waliopo wamejikusanya mijini. Bima hulipia kilichoandikwa katika hati ya hospitali. Nauli ya pikipiki kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki, pamoja na kijana wa kumsindikiza bibi na kupoteza kibarua chake cha siku, haimo katika hati yoyote.

Je, tusubiri mpaka kila wilaya iwe na kituo cha mazoezi tiba? Sidhani. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa 165 wa goti bandia: wengine walilazwa siku 10 za mazoezi, wengine walifanya mazoezi nyumbani wakifuatiliwa. Baada ya wiki 26 walipimwa umbali wanaotembea kwa dakika 6, na hapakuwa na tofauti ya maana. Neno la kuzingatia hapo ni “wakifuatiliwa”. Nyumbani panatosha, ilimradi mgonjwa amefundishwa kwa lugha yake na yupo anayemkagua. Rwanda ina wahudumu wa afya wa jamii katika kila kijiji, ambao tayari hufuatilia waja wazito na watoto wachanga. Kuwafundisha kutazama kama goti linanyooka na kama msuli wa paja unakaza hakuhitaji mashine.

Jambo jingine lapaswa kuanza sasa, wakati wagonjwa wa kwanza wa mpango huu bado ni wachache: daftari. Malawi, nchi isiyo tajiri kuishinda Rwanda, imekuwa na rejesta ya viungo bandia tangu mwaka 2005. Rwanda nayo ikiandika kwa kila mgonjwa tarehe, aina ya goti, na umbali aliotembea kwa dakika 6 kabla ya upasuaji na mwaka mmoja baadaye, bima itajua fedha zake zimenunua nini. Kipimo hicho kinahitaji ukumbi wa hospitali, saa ya mkononi na mtu wa kuhesabu.