Mwangwi Hauishii Jinja

Kijana wa Bunda mwenye bando atakueleza habari za nyangumi. Anajua kwamba mmoja alifuatwa kwa kifaa akizama mita 2,992, na kwamba watafiti humsikiliza anavyowinda ngisi gizani. Sawa, elimu haina mwisho. Sasa muulize sauti imegundua nini ndani ya Ziwa Victoria, ambalo kina chake hakifiki hata mita 100. Atakukodolea macho.

Simlaumu. Hajaambiwa.

Tangu 1999 watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda wamekuwa wakipima samaki wa ziwa hili kwa sauti. Kwetu kazi hiyo ni ya TAFIRI. Meli inakata maji, kifaa kinapiga mlio mfupi ambao sikio la binadamu haliupati, mlio unashuka karibu mita 1,500 kwa sekunde, unagonga samaki na kurudi. Kinachourudisha hasa ni kibofu cha hewa tumboni mwake. Sangara mkubwa anaonekana peke yake. Dagaa wanaonekana kama wingu. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba kufikia 2008 sangara walikuwa wamepungua sana na dagaa wameongezeka. Hivyo pia ndivyo tunavyojua kwamba maji ya chini yakiishiwa oksijeni, sangara huhama na kupanda juu.

Hizo ni habari za riziki ya mtu wa Guta. Lakini zinakwenda Jinja, makao ya jumuiya ya uvuvi ya ziwa, zinakwenda wizarani, kisha zinarudi mwaloni zikiwa katazo. Mwaka 2018 Operesheni Sangara ilichoma nyavu haramu hadharani. Sitetei kokoro, tusielewane vibaya. Ila ukichoma wavu wa mtu, mwonyeshe kwanza kile ulichokiona chini ya maji.

Nimeshajibiwa kwamba wavuvi hawataelewa michoro ile. Hawataelewa? Watu wanaosubiri giza la mwezi, wakatega taa za sola na kujua dagaa wanapanda saa ngapi? Mchoro wenyewe una uso wa maji juu na tope chini. Tena wao ndio wangeujazia mapengo, maana meli kubwa haiingii kwenye maji mafupi karibu na matete, anakoishi sato, na samaki aliyelala juu ya tope mwangwi wake unapotelea kwenye mwangwi wa tope. Pale mtaalamu ni yule mwenye kasia.

Kwenye mialo niliyopita nimeona matangazo ya ushuru na picha za wagombea. Mchoro wa ziwa sijauona hata mmoja. Nataka karatasi moja kwa kila kipimo, kwa Kiswahili cha kawaida, ibandikwe Guta, Kibara na Kisorya, na mtafiti mmoja asimame pembeni yake asubuhi mitumbwi inaporudi, ajibu maswali.