Paka ameuma mtoto: tusimuue haraka, wala tusingojee majibu

Wakaaji wa kartie zetu hapa Kalemie wanajua kukimbia mbwa mwenye kichaa. Lakini paka? Huyo tunalala naye nyumbani, anatulindia unga na ndagala. Akiuma mtoto, wengi wanasema ni mchezo. Wengine wanachukua fimbo, wanamponda kichwa na kumtupa jalalani. Kwa maoni yangu, njia zote mbili ni hatari.

Kichaa cha mbwa kinashika paka vilevile. Shida ni kukitambua. Paka aliyekula sumu ya panya anatoka mate. Aliyekwamwa na mfupa kooni anatoka mate pia. Paka mwenye kidonda, ao mwenye watoto wachanga, anaweza kuuma bila ugonjwa wowote. Na yule mwenye virusi kweli, mara ingine anajificha tu chini ya kitanda, kisha miguu inalegea.

Kwa mnyama aliye hai, hakuna kipimo cha damu ambacho muganga wa nyama anaweza kutegemea. Kipimo cha hakika kinafanyiwa kwenye ubongo, kisha mnyama kufa. Ukiponda kichwa, umeharibu ushahidi. Hata kichwa kikibaki kizima, kinapaswa kusafirishwa ndani ya baridi mpaka maabara, na Kinshasa iko upande mwingine wa nchi. Basi muganga akisema "sijui bado", tusimtukane. Anasema ukweli.

Sasa tufanye nini? Paka afungiwe, apewe chakula na maji bila kushikwa mikono, aangaliwe siku 10. Akibaki mzima, hakuwa na virusi ndani ya mate siku aliyouma. Akigonjwa ao kufa, muganga ajulishwe mara moja.

Lakini mtoto asingojee hizo siku 10. Kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, na siku ileile apelekwe kituo cha afya kwa chanjo, pamoja na serumu kama kidonda ni kibaya. Paka akipita siku 10 mzima, muganga anaweza kusimamisha chanjo. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. OMS inakadiria watu karibu 59.000 wanakufa kila mwaka duniani, wengi sababu ya mbwa, na wengi kati yao ni watoto.

Kuna wenye kusema: paka ni wa franga ngapi hata tumlinde? Jibu ni kwamba hatumlindi paka. Tunalinda habari ambayo mwili wake peke yake unaweza kutupatia.

Serkali nayo ifanye sehemu yake: chanjo ipatikane kwenye vituo vya afya, sio mjini kati tu, na kampeni za kuchanja mbwa zihesabu paka pia. Mzazi hawezi kutii shauri letu kama akifika kituoni anakuta friji tupu.