Kabla hujafuta ile fanksheni ya zamani, njoo Voi uone reli

Voi tuko na reli mbili. Ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na chuma zake mbili zimeachana kwa mita 1. Ya pili ni SGR, iliyoanza kubeba abiria 2017, na yake zimeachana kwa mita 1.435. Tofauti ni sentimita 43 na nusu, hata hatua moja ya mtu mzima haifiki. Lakini kwa sababu ya hizo sentimita, behewa la huku haliwezi kukanyaga reli ya kule. Halafu kuna tawi la kutoka Voi kwenda Taveta, lililojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, nalo ni la upana wa zamani. Kwa hivyo treni mpya ikifika Voi haiwezi kukata kona iende Taveta, hata muisukume kwa mikono.

Nakuambia haya wewe unayeandika programu, hasa kama unaandika maktaba, yaani ule msimbo ambao wengine wanaupakua na kujenga kazi zao juu yake. Kila fanksheni uliyoipa jina ni stesheni. Kuna mtu mahali, humjui, anashukia hapo kila siku.

Treni ya SGR ya kusimama njiani inapita Mariakani, Miasenyi, Voi, kisha Mtito Andei. Maungu haimo. Manyani haimo. Zote mbili zilikuwa na stesheni kwenye reli ya zamani. Sibishani kuhusu mwendo. Safari ya kukesha usiku mzima imegeuka ya saa chache, nani atakataa? Ila mtu wa Maungu hakukosea chochote. Jina alilokuwa akiliita lilikuwa linajibu miaka nenda miaka rudi, kisha toleo jipya likaja bila hilo jina.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi vitu vya zamani vikae milele. Kustaafisha kitu na kukifuta ni mambo mawili, na wengi wetu tunayachanganya. Mwenye nyumba akikupa notisi ya miezi mitatu, bado unalala kwako. Akibadilisha kufuli ukiwa kazini, hiyo ni vita.

Na Kenya tumeona ikifanywa vizuri, tena na serikali, amini usiamini. Juni 1, 2019, Sikukuu ya Madaraka kule Narok, Gavana wa Benki Kuu Patrick Njoroge alitangaza noti mpya. Noti ya zamani ya 1,000 ilipewa mpaka Septemba 30. Kuanzia Oktoba 1 ikawa karatasi tu. Sababu ilitolewa wazi: noti bandia na pesa chafu. Lakini zile za 50, 100, 200 na 500 hazikuwekewa tarehe ya kufa. Ziliendelea kutumika pamoja na mpya. Mama mboga sokoni Voi hakuhitaji semina. Mia ya zamani na mia mpya zilinunua sukuma ile ile.

Huo ndio mpango ninaoutaka kwenye msimbo. Tuseme una fanksheni inaitwa tuma_ujumbe, na umepata njia safi zaidi unayotaka kuiita tuma. Usifute tuma_ujumbe. Iache pale pale, ila itoe matumbo. Ndani yake bakisha laini mbili: ya kwanza inatoa onyo kwamba hii imestaafu, tumia tuma, ya pili inaita tuma yenyewe na kupanga vitu kwa mpangilio mpya. Kazi yote sasa inafanyika sehemu moja, hitilafu unairekebisha mara moja, na aliyezoea jina la zamani hajaamka akakuta duka limefungwa. Hili sikulisoma chuoni (sikukaa huko vya kutosha).

Nililijua kwa chama kimoja cha akina mama kule Mwatate. Wana kamfumo kadogo ka kuandika michango na kutumia wanachama meseji. Kijana aliyekatengeneza alishahamia Nairobi. Mashine yao ikafa, programu ikawekwa upya kwenye nyingine, na maktaba ya meseji ikajipakua kwa toleo la 1.5 badala ya 1.4. Meseji zikakatika. Nilipoitwa kuangalia, nikakuta walioitengeneza wamebadilisha jina la fanksheni na kufuta la zamani. Hakukuwa na onyo wala tarehe. Na nambari ya kwanza ya toleo hawakuigusa, wakati desturi ni kwamba ukivunja kitu unapanda kutoka 1 kwenda 2 ili watu wajue. Wiki mbili mweka hazina aliandika kila kitu kwenye daftari na kupigia watu simu mmoja mmoja kwa kredo yake. Kuna mwanachama alishaanza kuuliza kama pesa zake zimeliwa. Hapo ndipo ilinikera kabisa, manze. Mtu na nchi yake huko amesafisha majina yapendeze, na huku mama wa watu anaitwa mwizi.

Kuna kitu kibaya kuliko kufuta: kuacha jina na kubadilisha maana kimyakimya. Kwenye Python 2, ukigawa 5 kwa 2 unapata 2. Python 3, iliyotoka Desemba 2008, inakupa 2.5. Haipigi kelele, inaendelea tu na hesabu nyingine. Hapo lakini nitawapa haki yao: alama ya kugawa bila desimali waliileta mapema, Python 2.2, ili anayetaka ajiandae. Na Python 2 yenyewe ilihudumiwa mpaka Januari 1, 2020. Miaka 11 ya notisi, na bado kuna watu walilalamika. Hao siwasikitikii.

Java nao wako upande wa pili kabisa. Kwenye Date kuna getYear, iliyostaafishwa tangu toleo la 1.1 mwaka 1997, na hadi leo ukiiita inaitika. Inakupa mwaka ukiondoa 1900, kwa hivyo 2024 inasoma 124. Kichekesho, lakini haijamlaza mtu njaa. Baadaye, kwenye Java 9, wakaleta njia ya kutofautisha "tungependa uache" na "hii tutaiondoa kweli". Naipenda hiyo kuliko zote, kwa sababu ukimtishia mtu miaka 20 bila kufanya kitu, anaacha kukusikia.

Na onyo lenyewe lionekane basi! Python kwa muda mrefu ilikuwa inaficha maonyo ya aina hii; kutoka 3.7 yanaonekana kwa msimbo unaouendesha moja kwa moja, lakini yakizuka ndani ya maktaba nyingine bado yanamezwa. Hiyo ni sawa na kubandika notisi ndani ya kabati. Iandike kwenye maelezo ya toleo, juu kabisa, useme jina jipya ni lipi na la zamani litaondoka toleo gani. Kama ni huduma inayopita kwenye seva yako, raha zaidi: hesabu ni akina nani bado wanaita jina la zamani.

Najua utaniambia kutunza vya zamani ni gharama, na wewe unafanya hii kazi bure usiku baada ya hasoli ya mchana. Kweli. Ndiyo maana nimesema laini mbili, sijasema utunze injini mbili. Kama kuna shimo la usalama, fanya kama noti ya 1,000: tarehe fupi, sababu wazi, kisha funga. Na ukibakiwa na waitaji watatu tu siku ya mwisho ikikaribia, watafute. Kwa kile chama cha Mwatate ingekuwa simu moja.